Ua wa Kayaba Using'olewe

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Nusu ya shule yetu imezungukwa na ua wa kayaba, na nusu nyingine ilikuwa na seng'enge. Nasema ilikuwa kwa sababu imeibwa mara mbili, ikauzwa kwa kilo kwa watu wa skrepa. Mwaka wa 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo nchini kote kwa miezi michache, lakini waya bado ni pesa.

Sasa nasikia kayaba itang'olewa tujengewe ukuta wa mawe wenye vigae vya chupa juu, na wazazi wataitishwa mchango. Jamani! Mama yangu anauza mboga sokoni. Atauza sukuma wiki ngapi ili alipie ukuta?

Nauliza, ni nani aliyewahi kuiba kayaba? Miiba yake hupita urefu wa kidole cha mtoto. Nakiri kwamba mpira wetu mpya ulitobolewa humo siku ya kwanza tu, na karibu nilie. Hata hivyo, pale ndipo kuzumburu na shomoro hulala jioni, na hapo ndipo nilipomwona kinyonga mwenye pembe tatu kwa mara ya kwanza. Kabla ya siku hiyo nilimjua kwa picha ya kitabu tu. Hapa Kariobangi, kati ya magorofa, karakana za Light Industries na moshi wa matatu, ndege watakaa wapi tukiwanyima kichaka hicho kimoja?

Wapo wanaosema eti wezi hujificha kwenye ua. Mwizi gani huyo anayejifichia miibani? Nyuma ya ukuta ndiko hakuna anayekuona ukinyang'anywa simu. Wengine wanasema ua hunasa takataka. Hilo ni kweli, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka wa 2017. Zinazonaswa siku hizi ni karatasi za krispi tunazotupa sisi wenyewe wakati wa mapumziko, tusisingizie upepo.

Kosa moja la kayaba naliona. Ni mgeni; jina lake limetokana na Mto Kei wa Afrika Kusini, ingawa amezoeleka hapa hata mtaa wa Mukuru Kayaba unaitwa hivyo. Basi pale penye mapengo ya seng'enge tupande mukawa, ambao ni wa kwetu. Wajaluo huuita ochuoga. Una miiba, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda yanayoiva yakawa meusi na matamu. Nyanya yangu hutia mizizi yake katika supu ya mbuzi, na ukiinywa utatoka jasho! Haukui haraka, sikatai. Sisi wa Kidato cha Tatu huenda tukamaliza shule kabla haujafika kiunoni, na mpaka hapo itabidi tuukinge na mbuzi wa majirani.

Likizo iliyopita nilirudi na mbegu kutoka kwa nyanya. Nimezipanda katika mikebe sita nyuma ya nyumba, na minne imeota. Wanachama wenye mikebe mitupu waniletee.