AFYA YA JAMII: Tuitunze Miguu Yetu

Askari hukagua buti zake kila asubuhi, lakini ni wangapi hukagua nyayo zao? Unyayo mmoja una mifupa 26, nayo hubeba mwili maisha yote.

Mwaka 2015, wilayani Kamwenge, magharibi mwa Uganda, wataalamu waliwachunguza wakazi waliovimba miguu. Uvimbe ulifanana na matende yaletwayo na mbu, kumbe ulikuwa podokoniosisi. Chembechembe za udongo wa volkeno hupenya ngozi ya mtu aendaye pekupeku kwa miaka mingi, zikaharibu mishipa ya limfu. Ugonjwa huu hauambukizi. Basi mgonjwa asitengwe.

Kinga i mikononi mwetu. Avaaye buti kazini asilime pekupeku siku ya mapumziko, wala mkewe na watoto wasiachwe bila viatu. Kila jioni tuoshe miguu kwa sabuni, tukaushe katikati ya vidole, tupake mafuta. Uvimbe ukianza, twende kituo cha afya mapema: mchanga hupungua, uliokomaa ni vigumu kuondoka.

Miguu tuitunzayo ujanani ndiyo itakayotutembeza uzeeni.