Asubuhi bila kukimbia

Katika ukurasa wetu wa jamaa mwezi huu tunazungumza juu ya asubuhi. Wengine watacheka: asubuhi ya mkimbizi ina utulivu gani? Kuna maji ya kuchota, watoto wa kuvalisha, na mwenye kibali cha kushuka Kabuta kununua chisense anataka awe kando ya ziwa wavuvi wa usiku wanaporudi na taa zao. Ndiyo, tunajua. Hata hivyo tunasema robo saa inapatikana, na robo saa hiyo ni dawa.

Tuanze na jambo ambalo watu hawalipimi vizuri. Wamama wengi wanatoka kitandani saa kumi ya usiku ili bidoni lao liwe la kwanza kwenye pampu. Sasa, wilaya hii ya Nchelenge ni kati ya sehemu za Zambia zenye malaria mingi sana, na mbu mkubwa wa huku ni yule wanaomwita Anopheles funestus. Huyo anapenda kuingia ndani ya nyumba, na anauma zaidi kuanzia usiku wa manane mpaka karibu na kucha. Maana yake mama anaacha chandarua saa ileile mbu ana njaa. Kama ana mimba, malaria inawashika wawili, yeye na mtoto. Kwa hiyo kutulia asubuhi si starehe ya matajiri. Kaa ndani ya chandarua mpaka kuche.

Mtatuuliza: na maji je? Maji ni kazi ya jana jioni. Mabidoni yajazwe kabla jua halijazama, yatiwe klorini, yafunikwe. Lakini na nani? Hapa tuseme wazi. Tuna wababa wanaokaa kwenye insaka na karata tangu saa tisa mchana. Wana mikono. Na kijana wa miaka kumi na sita anabeba bidoni la lita 20 bila taabu, tumemwona akibeba kiboksi cha muziki kikubwa kuliko hilo. Kusema maji ni kazi ya wanawake ni mazoea tu, hakuna sheria iliyoandika hivyo. Jioni hiyohiyo makala yawekwe pakavu, na madaftari ya watoto yawe mahali pamoja.

Sasa kuamka kwenyewe. Wengi wetu tulivuka kutoka upande wa Pweto na Moba mwaka 2017, tukapokelewa Kenani, na kuanzia 2018 tukahamishiwa Mantapala. Kuna na wazee waliokwisha kukimbia mara ya kwanza, wakakaa Mwange au Kala mpaka kambi hizo zilipofungwa mwaka 2010. Mtu aliyekimbia hivyo, mwili wake unashika desturi ya kuamka kwa kushtuka. Macho yanafunguka, moyo tayari unapiga mbio, mkono unatafuta mtoto gizani. Si uchawi, si wazimu. Mwili ulijifunza kulinda watu, na bado haujaambiwa kwamba tumefika.

Basi uambie. Usisimame mara moja. Weka mkono tumboni, vuta pumzi polepole kwa pua, itoe kwa kinywa, taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Fanya mara kumi. Sema moyoni: niko Mantapala, huyu ni mtoto wangu, ile ni sauti ya jogoo. Hata mtoto anayelia usingizini mfundishe hivyo, mkihesabu pamoja. Kama mshtuko hauishi wiki na wiki na usingizi umekimbia, mwambieni mhudumu wa afya. Kuna msaada wa maneno, siyo vidonge tu.

Kisha uso, kinywa na mikono, kwa sabuni, au majivu kama sabuni imeisha. Wale wanaolala Kabuta kwa biashara ya samaki tunawaomba wasiogee ziwani, kwa ajili ya kichocho. Choteni maji, yachemsheni, au yaacheni siku mbili kwenye ndoo iliyofunikwa, vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Hiyo ni kwa kuoga tu! Ya kunywa na kusukutua lazima yachemshwe au yatiwe klorini, maana kipindupindu wilaya hii inakijua.

Miezi ya baridi, Juni na Julai, msiingize mbabula ndani na kufunga mlango. Hewa ya makala haina harufu na inaua waliolala. Washeni nje, pikeni uji, tieni karanga za kutwanga kama zipo.

Halafu keti. Pale Kabuta ukitazama ziwa, jua linatoka mgongoni, na maji yanaangaza mbele yako mpaka ng'ambo, na ng'ambo ile ni kwetu. Kuna anayetulia akitazama huko, na kuna anayeumia. Kila mtu ajijue, ageuze kiti upande unaomfaa. Na mama anywe uji wake akiwa amekaa, ungali moto, kabla watoto hawajaanza kuuliza kiatu kingine kiko wapi.