Abiria Apewe Habari, Asibahatishe

Mtu anayesimama Nyakato, kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, akitaka kwenda Bunda, ana mambo machache tu ya kuuliza: basi litaondoka saa ngapi, nauli halali ni kiasi gani, na atashushwa wapi. Hizo si siri za serikali. Hata hivyo, katika vituo vingi anayemjibu si mtumishi wa umma wala ubao wa matangazo, bali ni mpigadebe, ambaye riziki yake ni kujaza gari. Kwake yeye kila basi linaondoka sasa hivi.

Wapo wakubwa wanaodai kwamba habari zote zimekwisha tolewa. Ni kweli kwamba Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hupanga ukomo wa nauli za mabasi ya mikoani kwa kila abiria kwa kilomita. Lakini mkulima wa Magu hapandi kilomita. Aambiwe shilingi, asikabidhiwe hesabu ya kuzidisha.

Na saa je? Hapo ndipo uzembe ulipovuka mpaka. Tiketi huandikwa 11:00, kwa hesabu ya Kizungu. Mwananchi huisoma saa kumi na moja, akadamka gizani na kukaa juu ya mzigo wake kwa saa sita. Huyo ana nafuu. Mwalimu anayerejea kazini baada ya likizo, mwenye tiketi ya 06:00, akifika saa sita mchana atakuta basi limeondoka tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kazini anangojwa na barua ya kujieleza. Kisha karani humcheka kuwa ni mshamba! Mshamba ni nani hasa: anayeisoma saa kama taifa zima linavyoitamka, au anayemwuzia tiketi isiyotaja asubuhi wala jioni? Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, mwaka 2023, hata saa nne imekuwa mbili.

Kandokando ya Ziwa Victoria, kumnyima abiria habari si jambo dogo. MV Nyerere, kivuko cha kuchukua watu 101, kilizama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 220 wakafa. Idadi inayoruhusiwa na iandikwe langoni, kwa tarakimu ambazo hata mtoto wa shule atazisoma kabla hajakanyaga ndani.

Wasimamizi wa vituo waandike saa kwa Kiswahili, nauli kwa shilingi, na mwisho wa safari kwa jina. Atakayesema bajeti haitoshi aeleze kwanza bei ya ubao na kopo moja la rangi.