Uzazi na Mfuko wa Mama

Mama akifariki kwa uzazi, watu husema ni kudura ya Mungu, na matanga yakaisha. Hatukatai kudura. Lakini wengi wa kina mama hawa huuawa na ufukara kabla ya maradhi.

Mnamo Juni 1, 2013, serikali ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali zake. Jambo jema hilo, ila halikumlipia mama nauli. Kule Turkana na Mandera hospitali huwa mbali sana, na damu ikimwagika baada ya kuzaa, mama aweza kufa kwa saa chache tu. Je, saa hizo zipotee kwa kutafuta gari la kukodi, au kumngoja mume aliye safarini atoe ruhusa?

Hata anayepona baada ya uchungu wa siku mbili huweza kubaki na fistula, mkojo ukimtoka ovyo, mume akamkimbia.

Ndugu msomaji, tuwasomeshe mabinti wapate shilingi zao wenyewe. Nawe mume, weka akiba ya nauli tangu mimba ikiwa changa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini gharama yake ni ya nyumba nzima.