Akiba Mbichi Huoza

"Akiba haiozi," walinena wazee wetu, na neno lao ni la hekima. Lakini wazee hao hawakutia kitu kibichi ghalani. Waliijua kazi ya kukausha na kuiheshimu. Ni sisi wajukuu wao, tuliosoma, tuidharauo.

Kila mwaka niwaulizapo wanafunzi wangu wanitajie uvumbuzi uliobadili maisha ya wanadamu, hunitajia ndege, umeme na simu. Hajatokea hata mmoja aliyenitajia mashine ya kukaushia. Nikiwauliza sababu, hucheka: "Mwalimu, kukausha si kuanika tu? Jua lipo!" Wala dhana hiyo haiko darasani peke yake. Wako watu wazima, tena wenye vyeo, wasemao kwamba elimu ni ya kuzidisha mavuno, na kwamba kukausha ni kazi ya jua na ya kina mama. Nasema hilo ni kosa, tena kosa liuwalo.

Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Mahindi yalikuwa yamewekwa yakiwa na unyevu. Kuvu ikaota, nayo ikatoa sumu ishambuliayo ini, sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Kanuni ya nchi yetu yataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Juu kidogo ya hapo, jicho halioni tofauti yoyote, lakini kuvu huiona. Je, jua halikuwapo? Lilikuwapo. Ila jua halitumwi, na mvua inyeshapo wakati wa mavuno haimwombi mkulima ruhusa.

Kukausha ni kuondoa maji kwa kadiri na kwa wakati, bila kukiharibu kinachobaki. Ukichelewa, kitu huoza. Ukizidisha moto, huungua au hushupaa nje na ndani kikabaki kibichi. Ndiyo maana majani ya chai yetu hayaanikwi uani, bali hupitishiwa hewa ya moto kiwandani hata yabakiwe na unyevu wa karibu asilimia 3. Ndiyo maana pia Samuel Percy, mwaka 1872, alipewa hataza huko Marekani kwa njia ya kurusha kitu cha majimaji kwa vitone vidogo mno ndani ya hewa, kikauke papo hapo. Maziwa ya unga tuyanywayo leo hukaushwa kwa njia ya namna hiyo.

Viko, hata hivyo, vitu visivyostahimili moto kabisa. Hivyo hukaushwa kwa baridi. Wenyeji wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, tangu kale huacha viazi vigandishwe na baridi ya usiku, kisha huvikanyaga na kuvianika, vikapata kudumu miaka. Mashine hufuata njia iliyo karibu na hiyo: kitu hugandishwa, hutiwa katika chombo kilichofungwa, na hewa hunyonywa kwa pampu. Hapo barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Kinachobaki ni kikavu, na umbo lake karibu ni lile lile. Ukikitia maji, hurudia hali yake.

Mwasema ni mchezo wa matajiri? Hebu fikirini habari ya ndui. Chanjo yake ya majimaji ilikuwa ikipoteza nguvu upesi katika nchi za joto. Katika miaka ya 1950, Leslie Collier wa Lister Institute, Uingereza, alikamilisha njia ya kuikausha kwa kuigandisha, ikaweza kustahimili joto kwa miezi mingi. Tangu hapo iliweza kupelekwa kijiji kisicho na barafu wala umeme. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, katika nchi jirani ya Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya watu, lakini mikononi mwao walishika unga mkavu.

Wapinzani watanijibu: "Mitambo hiyo ni ghali, na hula umeme mwingi." Ni kweli, nami simwambii mkulima agandishe mahindi yake. Lakini ughali wa mashine moja si hoja ya kudharau elimu yote. Sanduku lililofunikwa kwa karatasi ya nailoni ing'aayo, lenye dohani ya kutolea hewa yenye unyevu, ni mashine. Tanuri lichomalo magunzi ili kupasha hewa joto ni mashine. Hata chupa kavu ni chombo cha elimu: tia punje za mahindi na chumvi kavu, tikisa, chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Isiponata, usijipongeze bado. Kipimo cha unyevu ndicho hakimu.

Nendeni ufukoni mwa Ziwa Victoria mwone omena walioanikwa wakinyeshewa mvua, na mama aliyewanunua kwa fedha zake akiwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Nani amemtengenezea mama huyo kikaushio akiwezacho kukinunua? Kazi hiyo yangoja mtu ajuaye hesabu, joto na mwendo wa hewa, yaani mambo yale yale mnayoyakariri kwa ajili ya mtihani.

Basi mwenye kuona kazi hii ni duni, na aende Makueni akawaeleze waliofiwa. Akiba haiozi, naam. Lakini ni akiba iliyokauka.