Wandugu wa statistiki, mukuje basi ku depo

Kila mwaka tarehe 18 Novemba ni siku ya statistiki katika Afrika mzima. Ilianza mwaka 1990. Watu wa hiyo kazi wanakutana ndani ya sale, wanasikiliza hotuba, wanapiga picha, na kesho yake inaandikwa ya kama hesabu nzuri njo musingi wa maendeleo. Siko nakataa. Lakini mchimbaji anayesoma hiyo habari kule Kolwezi, Kambove ao Likasi, na magunia yake mbili nyuma ya moto, anajiuliza: mimi hii inanihusu namna gani?

Inamuhusu kupita wote. Mwalimu analipwa kwa mwezi, hata kama mwezi wenyewe unachelewa. Mama mwenye kuuza mikate anahesabu mikate. Mchimbaji wa mkono yeye analipwa na namba moja inayotoka ndani ya kamashini ambako ku depo tunaita Métorex, na ile namba inatoka ndani ya konzi moja ya unga. Wanatwala kidogo, wanaangalia, wanasema gunia yote iko vile. Kutwala kidogo juu ya kujua vingi, hiyo njo statistiki yenyewe. Haiko kitu ya Kinshasa ao ya masomo ya juu tu. Iko pale mbele ya mizani, kila siku, na inaamua kama usiku watoto watakula bukari na samaki ao bukari na sombe peke.

Tena, watu wengi hawajue ya kama hii elimu ya kutwala kidogo juu ya kupima ilikomalia ndani ya mine. Mufaransa mumoja, Pierre Gy, alifika mwaka 1946 kule M'Fouati, Congo-Brazzaville, fasi walikuwa wanachimba plomb. Walimuomba aseme metali ni ngapi ndani ya lundo kubwa ya mawe iliyobaki pale. Akatafuta kitabu cha kumuonyesha atwale mawe ngapi, na atwale namna gani, ili jibu lake liaminike. Hakukiona. Kazi yake yote ya maisha, mpaka alipokufa mwaka 2015, ilikuwa kulijibu lile ulizo. Upande wa Afrika ya Kusini, Danie Krige, injinia wa mine ya zahabu, naye alitafuta hesabu ya kujua zahabu iliyoko chini kwa kupitia mashimo kidogo tu. Mpaka leo wajiolojia wa kampuni kubwa wanatumia hesabu yenye kubeba jina lake.

Maana yake: kampuni kubwa iko na mtu wa statistiki wake, anamulipa vizuri. Mchimbaji wa mkono hana hata mumoja. Anafika ku depo na macho yake tu.

Tuangalie sasa kile kinachofanyika pale. Gunia inafunguliwa. Mtu wa depo anaingiza mkono juu, anatwala unga wa juu, anapima. Lakini ndani ya gunia unga na mawe makubwa haziko na tenere moja. Njiani, juu ya moto, unga ulishuka chini na mawe yakapanda. Konzi ya juu haisemi habari ya chini. Sheria aliyoiacha Gy ni nyepesi kusema: kila kipande ndani ya gunia kiwe na bahati sawa ya kutwaliwa. Wenye kazi wanaifanya hivi: wanaponda mawe, wanachanganya, wanafanya lundo, wanalilalisha na kulikata mara ine, wanatupa sehemu mbili zinazoangaliana, zenye kubaki wanachanganya tena, wanakata tena, mpaka inabaki kidogo ya kupima. Haiombe moto ya umeme wala diplome. Inaomba shepe, sahani ya chuma, na dakika kumi na tano. Hizo dakika njo hawataki.

Halafu kuna maji. Gunia ikiwa na maji, depo inapunguza kilo juu ya maji, na hapo mtu anaweza kukubali, juu hakuna mwenye kununua maji. Lakini ile kamashini pia, ukiipitisha juu ya kitu chenye maji, inaonyesha tenere ya chini kuliko kitu kikauke. Kwa hiyo kama walipunguza kilo, na tena wakapima ikingali na maji, yale maji umeyalipa mara mbili. Ni watu ngapi walishaelezwa hiyo? Na mimi nauliza: ni mtu gani alipashwa kutueleza, kama haiko watu wa statistiki?

Tufanye hesabu ya mfano. Tone moja ya mawe, kobalti 4 kwa mia: ndani kuna kilo 40 za kobalti. Kamashini ikisema 3 kwa mia, ku karatasi kunabaki kilo 30. Kilo kumi zimepotea na hakuna mtu aliyeiba kitu ndani ya gunia. Tena bei ya depo inapanda kwa ngazi, tenere ikishuka hata bei ya kilo inashuka, basi unapoteza kupita zile kumi. Hiyo ni kilo ya watu wa equipe yote: mwenye kuchimba, mwenye kuvuta kamba, bamama wa kusafisha, mwenye kukopesha chakula.

Sisemi ya kama kila mnunuzi ni mwizi. Hata mnunuzi wa haki, akipima konzi moja, atakosea. Lakini kosa la kweli linatembea pande zote: leo linakupunguzia, kesho linakuongezea. Basi niambieni, ni mchimbaji gani alishatoka ku depo akicheka ya kama kamashini kamemuongezea? Kosa linalokwenda upande mumoja kila siku, watu wa statistiki wako na jina lake, na wako na njia ya kulionyesha bila kutukana mtu. Wanatwala magunia 100, wanapima kila moja mara mbili: mara ya kwanza namna ya depo, mara ya pili namna ya haki, yenye kuponda na kukata mara ine. Kisha wanaangalia tofauti. Zikigawanyika juu na chini, tutaomba msamaha kwa banunuzi. Zote zikiwa chini, tutakuwa na karatasi mkononi, haiko kelele ya barabarani.

Hii njo kazi ninayoiomba kwa wandugu wa statistiki wa Lubumbashi na Kolwezi. Tuko na Institut Supérieur de Statistique hapa hapa Lubumbashi. Kila mwaka wanafunzi wanatafuta sujet ya kazi ya mwisho, na wengi wanarudilia zile zile za wenzao. Sujet iko Musompo, inalala ndani ya magunia. Mwanafunzi aende na shepe.

Najua watajibu nini. Watasema hakuna makuta, na depo haitawafungulia mlango. Makuta hakuna kweli: inchi hii haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984, na mpaka leo wachimbaji wa mkono wa shaba na kobalti, wengine wanasema ni 150 000, wengine 200 000, kila mutu na yake. Chini ya kodi ya mine ya sheria ya 2018, 15 kwa mia zinaendea komini, sekta na shefri. Unapanga namna gani masomo na maji kama hujui watu ni ngapi? Lakini kuhesabu inchi yote ni kazi ya serikali, na gharama yake ni kubwa. Kupima magunia 100 haiko kazi ya serikali. Na mlango wa depo, kooperative inaweza kuupita: mawe ni yake mpaka saa ya kulipwa. Apimishe kwanza, auzishe kisha. SAEMAPE nayo, yenye kazi ya kusaidia wachimbaji wa mkono, haiwezi kukosa mutu mumoja wa kusimama pale na kuangalia.

Serikali pia ingepashwa kufurahi. Tangu mwaka 2018 kobalti inahesabiwa madini ya lazima sana, na kodi yake ni 10 kwa mia ya bei. Mwenye kuzoea kupunguza tenere mbele ya mchimbaji, ni nani anamuamini ya kama anaisema yote mbele ya mwenye kodi?

Tukingojea, nyumba iko na kazi yake. Mama, nunua kaye ya watoto, ile ndogo. Baba akirudi, kabla ya kuoga, muandike: tarehe, shimo gani, magunia ngapi, kilo ngapi, tenere gani, maji walipunguza ngapi, bei gani, depo gani. Mstari mumoja kwa siku. Kama baba hakuuzisha, muandike pia hakuuzisha, juu siku bila kitu nayo ni hesabu. Mtoto wa masomo ya msingi anaweza kuikamata. Musiongeze, musipunguze, hata siku ile namba inaleta haya. Familia makumi mbili za kooperative moja zikiandika miezi mitatu, mutu wa statistiki atakuwa na kitu ambacho hakuna bureau inayo leo katika Lualaba: bei na tenere za kweli, depo kwa depo, zimeandikwa na wenye kuuzisha wenyewe.

Na tarehe 18 Novemba, kama wale wandugu watafanya tena mkutano wao ndani ya sale, wapelekeni zile kaye. Mlango wa sale hauna mizani.