Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya Juu ya Wavutaji Sigara Wenye Usonji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Kenya,
Afya House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa ajili ya watu ambao idadi yao si kubwa na sauti yao haisikiki upesi, nao ni wale wenye usonji wanaovuta sigara na wanaotaka kuiacha. Ombi langu, ambalo naliweka mwanzo ili usilitafute katikati ya maneno mengi, ni kwamba msaada wa kuacha tumbaku unaotolewa kwa umma utengenezwe kwa namna ambayo watu hawa nao waweze kuutumia. Kwani ulivyo sasa, aghalabu huwataka watangulize kile ambacho maumbile yao yamewapa kwa uchache, yaani wepesi wa kuzungumza na mgeni, ustahimilivu wa kuketi katika kundi, na uwezo wa kuugeuza mwendo wa siku kwa ghafla.

Najua wako wanaosadiki kwamba mwenye usonji havuti sigara, na dhana hiyo haikuzuka bure. Mwaka 2003 matabibu wawili wa Uswidi, Susanne Bejerot na Lena Nylander, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wazima wenye usonji, wakaona kwamba wavutaji miongoni mwao hawakufika 13 kwa mia, ilhali katika umma wa nchi hiyo walikuwa 19 kwa mia. Wala si ajabu, maana wako walioambiwa utotoni kwamba sigara ni mbaya, wakalishika neno hilo kama sheria wasiliache tena. Wako wasiostahimili harufu ya moshi. Na wako ambao hawakupata kuwa na rafiki wa kuwapa sigara ya kwanza nyuma ya ukuta wa shule. Walakini uchache wa wavutaji si hoja ya kuwasahau waliokwisha kuvuta, kwani uchunguzi mwingine wa huko huko Uswidi, uliochapishwa mwaka 2017 juu ya watu takriban 27,000 wenye usonji, ulibainisha kwamba hatari yao ya kutumbukia katika matatizo ya ulevi na dawa za kulevya ni kama maradufu ya watu wengine. Mimi nakisia kutokana na habari hizo mbili kwamba wengi wao hawaanzi, na wale wanaoanza hutaabika zaidi kutoka. Na hapa kwetu, ambako uchunguzi wa mwaka 2014 ulihesabu watu wazima milioni mbili na nusu wanaotumia tumbaku, hata tukipunguza hesabu kwa kadiri inavyostahili kupunguzwa, wenye usonji miongoni mwao ni maelfu.

Nitamtaja mmoja, naye ni mpwa wangu, ambaye ameniruhusu nimwandike maadamu simtaji jina. Kazi yake ni katika ghala la leso nyuma ya Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, ambako hukunja na kuhesabu doti, na hesabu yake haijapata kutiliwa shaka. Saa nne, saa saba na saa kumi hutoka kwenda uani akavuta sigara moja, ya aina ile ile, iliyonunuliwa katika kibanda kile kile, ambako huuziwa moja moja ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kuuzwa kwa pakiti isiyofika sigara kumi. Huigonga mara tatu juu ya ukucha wa kidole gumba kabla ya kuiwasha, huivuta akiukabili ukuta, kisha hurudi kazini. Mtu amwonaye atasema huyu ni mtumwa wa nikotini, na hatakuwa amekosea, lakini atakuwa ameona nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kwamba ndani ya ghala lile mna mapangaboi yanayokwaruza, wachukuzi wanaopigiana kelele, honi za matatu zinazoingia kwa mlango wa mbele, na wateja wanaosema wote kwa pamoja. Na katika siku nzima hana ruhusa nyingine ya kuukimbia mchafuko huo ila sigara, kwa kuwa desturi ya makazini ni kwamba mvutaji akitoka haulizwi aendako, ila asiyevuta akitoka kusimama uani bila ya sababu huhesabiwa mvivu, au mtu mwenye kiburi asiyetaka wenzake.

Nakusihi, Mheshimiwa, ulitazame jambo hili kwa makini, kwani ndilo linaloangusha majaribio mengi ya kuacha. Mpwa wangu alipoacha, aliacha pia kutoka nje, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuendelea kutoka bila ya sigara. Na yeye, akiwa mtu wa kufuata kanuni kama zilivyo, aliona kwamba kanuni ya kutoka imeondoka pamoja na kitu kilichoileta. Ilipofika saa saba alikuwa ameziba masikio kwa mikono miwili, tajiri wake akamkemea mbele ya watu, na kabla ya juma kwisha alikuwa amerudi kibandani. Nikotini ilimwita, naam, lakini kilichomrudisha hasa ni haja ya dakika saba za kimya.

Katika siku hizo alikwenda kumwona mshauri wa kituo fulani, nisichokitaja kwa kuwa upungufu wake ni wa vituo vingi. Mshauri, kwa nia njema, alimwambia, "Hamu ikikujia, jishughulishe." Kijana akauliza, "Kwa shughuli gani, na kwa dakika ngapi?" Mshauri akadhani anafanyiwa dhihaka, akakunja uso, na mazungumzo yakafa hapo. Kumbe swali lilikuwa la kweli na lina jibu, maana hamu ya sigara hupanda na kushuka kwa dakika chache, aghalabu tatu hadi tano, na mtu angeweza kuambiwa bayana: tazama saa, kunywa maji glasi moja polepole, tembea hadi mwisho wa ua na kurudi, kisha tazama saa tena. Kadhalika aliulizwa hamu yake ni kiasi gani kwa kipimo cha moja hadi kumi, akanyamaza, kwani wengi wenye usonji huona taabu kubwa kutambua kama kinachowasumbua ndani ni njaa, hofu, uchovu au hamu, na kuwataka waikadirie hisia wasiyoweza kuipa jina ni kuwaonea.

Dawa nazo zinataka hadhari. Chingamu ya nikotini aghalabu ina ladha ya nanaa ambayo kwa ulimi mwepesi wa kuhisi huunguza kama pilipili. Tena hiyo si ya kutafunwa mfululizo, bali hutafunwa kidogo kisha hukaliwa nayo kati ya shavu na ufizi, na mtu anayelifuata neno kama lilivyotamkwa, akiambiwa "tafuna" basi, atatafuna mpaka apate kwikwi na kiungulia, aseme dawa haimfai. Plasta, ambayo huanza na miligramu 21 kwa mvutaji mzito ikishuka hadi 14 na 7, huwasaidia wasiotaka kitu kinywani, lakini wako ambao mguso wa gundi katika ngozi huwakera siku kutwa hata wakaibandua. Kwa hiyo isitolewe moja kwa wote. Mtu aonyeshwe zote, aguse, aonje, achague. Dawa hizi zimo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na haifai zionekane kuwa anasa. Kidonge cha kuacha sigara kiitwacho bupropioni, kilichoongezwa katika orodha hiyo mwaka 2021, hakipewi mwenye kifafa, na kifafa huwapata wenye usonji kwa wingi kuliko watu wengine, basi swali la kifafa litangulie kabla ya karatasi ya dawa kuandikwa.

Liko na jingine ambalo jamaa wengi hawajapata kuambiwa. Moshi wa sigara, wala si nikotini, hulichochea ini liziondoe mwilini kwa haraka baadhi ya dawa, zikiwamo olanzapini na klozapini ambazo baadhi ya ndugu hawa huandikiwa, na mtu aachapo kuvuta kiasi cha dawa hupanda katika damu ingawa kidonge ni kile kile. Akasinzia, akalegea, watu wakadhani kuacha sigara kumemdhuru. Kahawa nayo iko katika hukumu hiyo hiyo. Mtu wa Mji wa Kale aliyezoea vikombe vyake vya kahawa tungu asubuhi na baada ya alasiri, akiacha sigara asipunguze vikombe, atakesha, moyo utamwenda mbio, mikono itatetemeka, na mateso yote hayo atayahesabu kuwa ni adhabu ya kuacha, hata arudie sigara apate kulala. Neno moja la tabibu lingetosha kumwokoa.

Sasa nije kwenye dhima ya Wizara. Nchi yetu iliridhia mwaka 2004 Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku wa Shirika la Afya Duniani, ambao kifungu chake cha 14 kinawajibisha serikali kuwasaidia watu kuacha na kuwatibu waliotawaliwa na tumbaku. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli, au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Na kwa wengi wenye usonji njia inayowafaa ni maandishi, ilhali msaada wa bure unaotangazwa sana ni wa kupiga simu 1192. Sidharau simu hiyo, imewafaa wengi, lakini kwa mtu ambaye sauti ya mgeni asiyeonekana humfunga ulimi, nambari hiyo ni kama haipo. Naomba iwepo njia ya kuandikiana ujumbe, na anayejibu awe yule yule kila mara.

Wala isisemwe kwamba fedha hakuna. Sheria ya 2007 iliunda Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku, ambao miongoni mwa kazi zake ni kuendeleza mipango ya kuacha. Kanuni za 2014 zikaamuru watengenezaji na waagizaji watoe asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao. Na pingamizi dhidi ya kanuni hizo iliyopelekwa hadi Mahakama ya Juu ilikataliwa mwezi wa Novemba 2019. Wala isisemwe kwamba afya ni kazi ya kaunti, maana sera na miongozo ni ya serikali ya taifa. Ukurasa mmoja ungetosha kuanzia: hatua za kuacha zikiandikwa kwa mfuatano, kwa saa na dakika, bila ya mafumbo, maswali ya dawa, kifafa na kahawa, na barua fupi kwa mwajiri, inayosema kwamba mfanyakazi huyu atatoka nje kwa dakika kadhaa mara tatu kwa siku, bila ya sigara, kwa idhini ya tabibu. Wala ukurasa huo usidai cheti cha usonji, kwa sababu chama cha wazazi wa watoto wenye usonji kilianzishwa hapa nchini mwaka 2003, na waliokuwa watu wazima kabla ya hapo wengi wao hawakupimwa na mtu yeyote, wakaishi wakiitwa wakaidi au wenye mashetani. Anayeuliza "kwa dakika ngapi" ajibiwe, awe na cheti au asiwe nacho.

Mpwa wangu bado anavuta, na bado anataka kuacha. Naomba jibu la Wizara liwe la maandishi, kwani wengi wa hawa ninaowasemea hawapokei simu.

Wasalaam,
Mjomba wa kijana mwenye usonji,
Mombasa.